Vigingi vya Sahare: shajara ya kuishika GPS inavyotaka yenyewe

Bamvua la kwanza, Jumamosi jioni

Nimerudi sasa hivi, tope bado limenikaukia miguuni, nataka niandike kabla sijasahau maana leo imeniuma. Tumeenda Sahare, hapa Tanga, kuhesabu mikoko, tuna vigingi 40, tumeviona 11 tu. Na sio kwamba vimeng'olewa, kuna mahali tumezunguka robo saa nzima GPS inasema tumefika, mita 2, mita 0, hamna kitu, afu dada mmoja wa kikundi akarudi nyuma kutafuta kandambili yake iliyonasa kwenye tope akakikuta kigingi kimesimama nyuma ya shina la mchu, aina moja ya mkoko. Nikavuta futi kamba kutoka pale nilipoambiwa nimefika mpaka kwenye kigingi: mita 13 na nusu.

Kwa asiyejua kazi yetu, kila kigingi ni kona moja ya ploti ya mita 5 kwa 5, ndani kuna miche ya mkoko tuliyopanda kwa mikono, na kila baada ya miezi tunarudi kuhesabu ipi hai ipi imekufa. Ploti zimepangana. Ukikosea mita 13 umeshavuka ploti mbili, unahesabu miche ambayo sio yenyewe, unaandika imekufa kumbe iko hai hatua chache pembeni yako, na kazi ya kina mama walioinama humo msimu mzima inageuka namba za uongo. Hilo siwezi kulikubali.

Na muda wenyewe hautusubiri. Huku kwetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yanakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, tukiingia mapema kidogo tunapata kama masaa mawili na nusu, baada ya hapo maji yanarudi kwa nguvu na ngalawa inaanza kuelea. Siwezi kutumia robo saa kwa kila kigingi.

Vifaa tulivyo navyo: eTrex 10 moja na GPSMAP 64 moja ya kuazima, zote ni GPS za mkononi za Garmin, na simu zetu.

Jumatatu

Kabla ya kulaumu kifaa nimekaa na eksel yetu. Kuna vigingi 8 ambavyo havikukosewa mita 13, vilikosewa mita 300 hivi, vyote upande mmoja, vyote kwa umbali uleule. Hiyo sio kushika vibaya. Kosa linalolingana namna hiyo ni la settingi. Nikauliza nani alichukua hivyo 8, kumbe siku ile mwenzetu aliiweka GPS kwenye Arc 1960 ili ifanane na ramani ya karatasi tuliyonayo, zile ramani za zamani za 1:50,000 ndo zimechorwa kwa datamu hiyo, yaani msingi wa kupimia mahali, na sisi wengine tuko WGS 84, datamu ya GPS yenyewe. Kwenye UTM, ile gridi ya ramani ya mita, kanda ya 37 Kusini, tofauti ya hizo mbili huku kwetu ni kama mita 300, sehemu kubwa yake ni kaskazini-kusini. Nimevibadilisha vyote 8, vimerudi kwenye mstari na wenzake. Imeisha hiyo, sitaigusa tena. Nimeandika WGS 84 kwa maka pen nyuma ya vifaa vyote viwili.

Zile mita 13 bado zipo.

Jumatano

Kwenye kikundi kuna maneno kwamba Wamarekani wanachafua mawimbi makusudi ili raia wa kawaida asipate sehemu sahihi. Niliyajibu vizuri tu kwa sababu hayakutoka hewani, ilikuwa kweli zamani, raia alikuwa anaweza kukosea mpaka mita 100, ila Clinton aliamuru wakazima mwezi Mei 2000. Watu wameelewa. Mwingine akashauri tuwashe ile WAAS kwenye menyu, masahihisho ya GPS yanayotumwa kwa satelaiti. Nimeiwasha, nimeizima. Masahihisho ya WAAS yanatengenezwa kwa vituo vya Amerika ya Kaskazini na EGNOS ni ya Ulaya, hapa Tanga hayatusaidii.

Basi nikabaki na swali moja, tunaishikaje? Nikaanza kuangalia picha za siku ile. Mimi nimeivaa eTrex shingoni kwa kamba, inaning'inia kifuani imesimama wima, mikono yangu inahangaika na mizizi. Mwenzangu ameilaza GPSMAP juu ya ndoo ya miche kifudifudi ili skrini isipigwe na jua. Mwingine simu iko mfuko wa nyuma wa suruali.

Ijumaa, kiwanjani

Leo asubuhi nimeenda kiwanja cha mpira na dogo wa jirani, tukapigilia vijiti viwili, tukavuta futi kamba, mita 30 kamili. Njia yangu ni hii: sina kituo cha wapimaji cha kulinganisha nacho, lakini nikipima kijiti cha kwanza na cha pili fasta fasta kwa kifaa kilekile, kosa la angani linakuwa karibu sawa kwa vyote viwili, kwa hiyo nikitoa kimoja kwa kingine linajifuta. Kinachobaki ni kosa langu mimi, la mkono na mwili. Mita 30 za futi kamba hazidanganyi.

Nikaanza na eTrex kifuani kama tulivyozoea, kijiti cha kwanza nimeelekea baharini, cha pili nimeelekea mjini. Nilipata 37. Nikarudia nimebadilisha uelekeo, 24. Nikaishika mkononi imelala skrini juu, mkono umenyooka mbele ya kifua, 33. Nikaiinua juu ya kichwa, imelala vilevile skrini inaangalia mbingu, nikasimama kimya dakika mbili kila kijiti: 31, 29, 30.

Nilirudia mpaka dogo akachoka kunishikia futi kamba.

Afu nikafungua ule ukurasa wa satelaiti wenye nguzo chini na duara juu, hapo ndo nilipoona kwa macho yangu. Nimesimama, kifaa kifuani, uso kaskazini. Nguzo za satelaiti za kaskazini ni ndefu, za kusini mbili fupi kabisa. Nikageuka polepole hatua kwa hatua kama mtu anayetafuta kibla, na nguzo zinabadilishana, zile za kusini zinapanda, za kaskazini zinashuka, nikimaliza nusu duara zimepindukana kabisa. Mwili wangu ndo ukuta. Mtu ni maji sehemu kubwa, na mawimbi haya yametoka juu kilomita 20,200, yakifika hapa ni dhaifu mno, maji yanayameza tu. Kwa hiyo kifaa kikiwa kifuani kinaona nusu ya mbingu, satelaiti zote ziko upande mmoja, na zikirundikana upande mmoja hesabu inayumba hata kama ni nyingi. Bora 7 zilizosambaa pande zote kuliko 10 zilizojazana mbele.

Jumapili, kuhusu antena

Hii sehemu nataka niieleze taratibu kwa sababu ndo iliyotupotezea vigingi.

Antena ya eTrex ni kibamba cha kauri, bapa, kimelala sambamba na skrini. Kinaona vizuri kile kilicho mbele ya uso wake, pembeni kinaona kwa shida na nyuma karibu hakioni kabisa. Ukiilaza skrini juu, uso wa antena unaangalia mbingu nzima. Ukiining'iniza shingoni umeigeuza, sasa inaangalia upeo wa macho mbele yako, nusu ya inachokiona ni ardhi.

GPSMAP 64 ni kinyume. Ile pembe inayochomoza juu kama kidole gumba ndani yake kuna waya uliozungushwa kama springi, na hiyo inataka kusimama, ncha ijue mbingu iko wapi. Mwenzangu alipoilaza kwenye ndoo aliilaza antena nayo, ikawa inaona vizuri mashina ya mikoko pembeni.

Yaani tulifanya kinyume kwa vyote viwili! Inayotaka kulala tuliisimamisha, inayotaka kusimama tukailaza. Na hakuna hata mmoja wetu aliyefanya uzembe, kila mtu alishika kifaa kama mkono ulivyoona raha.

Kuna jambo la pili limejificha humo. Mawimbi ya GPS yanakuja yakijizungusha kuelekea upande mmoja, wa kulia, na yakigonga kitu kama bati, ukuta au maji yanarudi mengi yakiwa yamegeuza mzunguko. Antena imetengenezwa ipokee yale ya kulia na iyakatae yaliyogeuka, lakini inayakataa vizuri ikiwa imekaa inavyotakiwa. Ukiiinamisha vibaya inaanza kuyapokea yaliyogonga, nayo yamesafiri njia ndefu zaidi, kifaa kinadhani satelaiti iko mbali kuliko ilivyo na kinakusogeza. Urefu wa wimbi lenyewe ni sentimita 19, pungufu kidogo ya shibiri, kwa hiyo hata vitu vidogo vilivyo karibu na mkono vina sauti. Nilijaribu karibu na banda letu la bati, nikasimama hatua mbili kutoka ukutani, pointi ikaruka mita 8 nikiwa nimesimama palepale sijatikisika. Na skrini inaandika jumlisha-toa mita 3 bila wasiwasi! Ile namba ni makadirio ya kifaa chenyewe, mawimbi yaliyogonga ukuta hakiyatambui, kwa hiyo msiiamini kama risiti.

Simu nimeijaribu pia. Mara nyingi antena yake iko kwenye ukingo wa juu, ukiifunika kwa vidole umeimaliza. Ukiishika chini, imelala, mbali na mwili, ni nzuri ya kutosha kukufikisha kwenye ploti. Kigingi chenyewe siipi.

Bamvua la pili, Jumapili mchana

Leo ndo siku niliyoisubiri. Kiwanja cha mpira ni kitu kimoja, mikokoni ni kingine, juu kuna majani mabichi yamelowa, chini tope linang'aa kama kioo, huwezi kuinua mkono juu ya kichwa dakika tano huku mguu mmoja uko kwenye mizizi.

Tulitoka banda la Sahare saa mbili, na kitu cha kwanza, vifaa tukaviwasha tukaviacha nje mahali wazi wakati tunapanga ndoo. Kifaa kilicholala muda mrefu kinahitaji kama dakika 12 na nusu kusoma ratiba nzima ya satelaiti, ukikiwasha tayari uko chini ya majani kinahangaika na hakimalizi.

Suluhisho la urefu limetoka kwa mzee mwenye ngalawa. Nilikuwa namweleza kwamba nataka kifaa kiende juu ya kichwa changu kikae kimetulia, akaangalia, akachukua upondo wake, ule mti wa kusukumia ngalawa, akaniwekea mkononi. "Mwanangu, hili mti limezoea kutafuta chini, leo litafute juu." Tukaifunga GPSMAP kwenye ncha kwa mpira wa tyubu, imesimama wima kama inavyotaka, mbali na mikono yote. Kwa eTrex tulikata kipande cha mbao tukakipigilia juu ya kipande kingine cha mti ili ilale.

Tatizo likawa kubonyeza. Kitu kiko juu, vidole viko chini. Nimeacha kubonyeza kabisa, nimeweka ijirekodie njia kila sekunde, mti ukisimama kwenye kigingi mwenzangu anaandika saa na dakika kwenye daftari, tunakaa dakika tano, anaandika tena, tunahama. Jioni nikirudi kwenye kompyuta nachukua pointi zote za dakika hizo tano natafuta wastani. Zile za wakati wa kuinua na kushusha nazitupa.

Halafu mti usipinde. Upondo tulioukata kwa kazi hii ni mita 2.5, ukiinama nyuzi 10 tu juu kifaa kimeshahama karibu nusu mita kutoka kwenye kigingi. Kijana wetu mmoja ni fundi ujenzi, alikuja na timazi yake, akaining'iniza kwenye msumari pembeni ya mti, anaangalia uzi na mti vikilingana ndo anasema "sawa", mpaka anaposema sawa hakuna anayeandika saa. Naipenda sana kazi ya mtu anayejua chombo chake.

Kile kigingi cha mita 13 na nusu nilikipima mara tano. Kwa mtindo wa zamani, kifuani, pointi tano zilitawanyika mpaka mita 14 kutoka hii hadi ile. Kwa upondo zilikaa ndani ya mita 4. Kifaa ni kilekile, settingi ni zilezile.

Jumatatu, bado bamvua la pili

Kitu ambacho sikukipanga. Tukihama kutoka kigingi hadi kigingi tunahitaji pia njia yenyewe, mstari wa pale tulipopita, ili safari ijayo tusipite juu ya miche michanga. Sasa yule dada wa kandambili hana mkono wa ziada, ana ndoo na panga. Akakunja kanga akatengeneza ngata kama ya kubebea ndoo ya maji, akailaza eTrex juu yake skrini juu, akajitanda mtandio juu ya kila kitu, akaendelea na kazi. Mtu aliyezoea kubeba maji kichwani hatikisi shingo, kifaa kimelala sawa, kichwa kiko chini yake hakizuii kitu, na mbingu yote iko wazi, kitambaa hakizuii mawimbi haya.

Nilipofungua mistari jioni, wangu wa mkononi ulikuwa unakatakata kama mshono wa mtu anayejifunza cherehani, unaruka kushoto unarudi. Wa kwake umenyooka, unapinda pale tulipopinda kweli, na mahali alipozunguka ule mkomafi mkubwa unauona kabisa mzunguko wake. Nimempigia simu usiku kumwambia. Kuanzia sasa njia anarekodi yeye, na kina mama wengine wawili wameomba wafundishwe kusoma ule ukurasa wa satelaiti. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Nilijaribu pia sinia ya bati ya kuokea mkate, kuiweka chini ya eTrex, kwa hoja kwamba chuma kilicholala chini ya antena bapa kinakinga mawimbi yanayogonga tope na kupanda juu. Hoja ni ya kweli, na kwa antena za kuchomeka zinazokaa juu ya gari inafaa. Kwa eTrex juu ya mti sikuona tofauti ya kuandika, na sinia inashika upepo. Imerudi jikoni.

Alhamisi, saa za siku

Vigingi vitano vya pembeni kabisa nilivipima mara ya pili wakati wa maji mafu, yale yasiyojaa wala kukupwa sana. Siku hizo maji yanakupwa jioni, kwa hiyo tuliingia mchana tukaanza kupima kwenye saa nane, na vyote vitano vilihama kidogo ukilinganisha na asubuhi, vyote kuelekea upande uleule. Hapo mkono hauna kosa. Hewa ya juu kabisa, ile inayochajiwa na jua, inachelewesha mawimbi, na inachelewesha zaidi mapema mchana jua likishaipiga kwa masaa, na sisi tulio karibu na ikweta inatukamata kuliko watu wa mbali. Kushika vizuri hakuondoi hilo. Kinachosaidia ni kurudi saa nyingine na siku nyingine na kuchukua wastani, maana dakika tano za mfululizo zinabeba kosa lilelile la anga ileile. Garmin wenyewe kwenye maelekezo yao wanasema sampuli nne mpaka nane, na kati ya moja na nyingine usubiri angalau dakika 90. Ndani ya kupwa moja siwezi kusubiri hivyo, kwa hiyo naifanya kwa bamvua: kila kigingi kinapata sampuli moja asubuhi ya siku ya kwanza, moja siku ya pili, moja siku ya tatu.

Bamvua la tatu, Jumamosi

Leo tumefuata pointi mpya. Nimetangulia na upondo, namba zinashuka, mita 6, mita 4, mita 3, nikasema hapa, tukasimama. Dada akainama, akasogeza majani ya mchu kwa mkono, kigingi kiko hatua mbili kutoka kwenye goti lake. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kilikuwa kimeanguka lakini shimo lake lipo na kamba ya bluu imezama kwenye tope.

Tumeona 34 kati ya 40, na maji yalikuwa hayajaanza kurudi. Ile ploti niliyoiandika mwanzo kuwa imekufa yote ina miche 19 hai, mmoja una majani mapya mawili bado yamefungana kama kiganja cha mtoto.

Sita zilizobaki ziko chini ya mikomafi ya zamani kwenye mkono wa mto, majani ni mazito, hata upondo wa mita 2.5 unaishia ndani ya matawi. Hizo sitazilazimisha. Nimeshachagua mahali peupe ukingoni penye mbingu wazi, nitapiga vigingi viwili hapo nivipime kwa bamvua zima mpaka nitosheke, kisha kutoka pale tutaingia ndani kwa futi kamba na dira ya mkononi. Vijiti vya mkandaa vimeshachongwa, viko nje ya banda vinakauka, na mzee kasema bamvua lijalo tukutane saa moja na nusu badala ya saa mbili.